Kutafuta wateja kwa simu ukiwa peke yako Tabora: simu ipi, hedfoni zipi, laini ipi

Ulinganisho huu ni wa mtu mmoja. Hana karani wala ofisi yenye viti kumi. Ana bidhaa, ana daftari la namba za watu wasiomjua, na ana siku sita za wiki. Tabora watu wa namna hiyo wapo wengi. Kuna anayeuza asali kwa ndoo na kuitafutia hoteli na supamaketi za Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Kuna wakala wa bima. Kuna anayeuza pampu za sola na vinyunyizio kwa vyama vya msingi vya Urambo, Kaliua na Sikonge. Wote wana swali lilelile: hela kidogo iliyopo iingie wapi kwanza?

Jibu tuliweke mbele. Ianzie kwenye laini na kwenye maiki. Vitu vya kukufanya upige haraka zaidi vije mwisho, na vingine visije kabisa. Mtu anayepokea simu ya asiyemfahamu huamua ndani ya sekunde chache kama asikilize au akate, na katika sekunde hizo ana mambo mawili tu ya kupima: hii ni namba ya nani, na hii sauti ni ya mtu wa namna gani.

Kifaa cha kupigia

Kitochi kisidharauliwe. Betri yake ya mAh 1,000 hivi inamaliza siku ya kuongea wakati simu janja iliyochoka inaomba chaji saa nane mchana, na kikidondoka sakafuni unakiokota na kuendelea. Udhaifu wake wa kwanza uko kwenye orodha. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu 10; ukipiga simu 60 kwa siku umebonyeza mara 600, na tarakimu moja ikikosewa umemsumbua mtu asiyehusika. Udhaifu wa pili ni sauti. Vitochi vingi vinatumia 2G peke yake, na simu ya 2G hubeba sauti ya kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu. Sehemu kubwa ya mvumo wa S na F iko juu ya hapo, ndiyo maana mteja anauliza "umesema nani?" kila unapotaja jina lako au jina la bidhaa. Kuna pia kero ndogo: 2G hutuma mawimbi yake kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na ndiko unakotoka ule mlio wa kutetema unaoingia kwenye redio iliyo karibu. Waya wa hedfoni za bei ya chini huunasa mlio huo, na mteja anausikia kabla yako.

Simu janja inafuta matatizo hayo ikiwa tu inapiga kwa VoLTE, yaani simu ya sauti inayopita kwenye 4G yenyewe. Hapo sauti hupanuka kuanzia hezi 50 hadi 7,000, na simu huanza kuita karibu mara tu unapobonyeza. Bila VoLTE, simu ya 4G inalazimika kushuka kwanza kwenye 3G au 2G ndipo ipige. Unasubiri sekunde kadhaa za ukimya kwa kila namba, na mara nyingi intaneti inalegea au kusimama mpaka umalize kuongea. Kulijua hili ni rahisi: washa data, piga simu, tazama juu ya kioo mkiwa mnaongea. 4G ikibaki pale, VoLTE inafanya kazi. Ikigeuka kuwa H, 3G au E, haifanyi. Ingia kwenye mipangilio ya laini uone kama kuna mahali pa kuiwasha. Kama hakuna, huenda ni simu ya mtumba kutoka nje: simu nyingi za namna hiyo zinapata intaneti ya 4G vizuri kabisa, ila mtandao wa hapa hauzifungulii VoLTE. Muuzaji atakuonyesha 4G dukani na atakuwa hajakudanganya, kwa hiyo jaribu kupiga simu, usiishie kufungua ukurasa wa intaneti. Ujue pia kwamba sauti hii pana inahitaji pande zote mbili. Ukimpigia mwenye kitochi, mtaongea kwa sauti finyu ya kitochi chake.

Huhitaji simu ya gharama. Tafuta betri ya mAh 5,000, RAM ya GB 4, tundu la hedfoni la milimita 3.5, na nafasi mbili za laini ambazo haziporwi na kadi ya kumbukumbu. Kabla ya kulipa bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na ulinganishe jina la simu linalorudi na lililoandikwa kwenye boksi. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, na simu yenye IMEI ya kuchakachua si kitu cha kujengea biashara.

Sasa mtego unaowanasa wengi. Simu ya laini mbili ina redio moja inayogawanywa. Ukiwa unaongea kwenye laini ya kwanza, kwa simu nyingi laini ya pili inaonekana haipatikani. Mteja uliyemkosa asubuhi anapokurudia wakati huo anasikia "namba unayopiga haipatikani", na mtu wa aina hiyo hajaribu mara ya pili. Tiba ni kuielekeza simu: kwenye laini ya pili piga **62*, kisha namba ya laini ya kwanza, kisha #. Kuanzia hapo, laini ya pili ikikosekana hewani simu inahamia laini ya kwanza. Washa na simu ya kusubiri kwenye laini ya kwanza kwa *43#, ili usikie mlio wa mtu wa pili. Kufuta maelekezo yote ni ##002#. Kumbuka kipande cha simu kinachoelekezwa unalipia wewe, kwa bei ya kawaida ya mtandao wako, na mara nyingi kifurushi hakikigusi. Weka salio kidogo kwenye laini ya pili kwa kazi hiyo.

Chaguo la tatu ni simu ya mezani inayotumia laini ya kawaida, yenye antena ya kusimama na vitufe vikubwa. Mtu wa Tabora mjini, Kanyenye au Cheyo, hana haja nayo sana. Lakini ukiwa Uyui vijijini au pembezoni mwa Urambo, mahali ambapo simu ya mkononi inapata vistari viwili ukisimama dirishani na kimoja ukikaa, ile antena inaleta tofauti ya kweli. Nyingi zina betri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika mazungumzo yanaendelea. Angalia mambo mawili: kama ina tundu la hedfoni (mara nyingi ni lile la mraba mdogo wa simu za ofisini, si la milimita 3.5), na kama ni ya 2G peke yake. Ikiwa ya 2G unarudi kwenye sauti ya kitochi.

Chaguo la nne halihitaji kununua simu mpya, ila linahitaji kompyuta. Ukiwa na laptopu ya Windows na simu ya Android, programu ya Phone Link inaziunganisha kwa Bluetooth: unabofya namba kwenye kompyuta, simu inapiga kwa laini yako ya kawaida na kwa kifurushi chako cha kawaida, na unaongea kwa hedfoni zilizochomekwa kwenye laptopu. Kwa anayeandika maelezo ya kila mteja wakati anaongea, huu ndio mpangilio tunaoupenda kuliko wote. Kasoro yake ni ile Bluetooth ya katikati. Laptopu ya zamani inakatakata sauti. Ijaribu siku mbili na jamaa zako kabla ya kuitegemea.

| | Sauti | Orodha ya namba | Umeme ukikatika | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|---|
| Kitochi | Finyu | Kwa mkono | Siku nzima | Kama simu ya akiba |
| Simu janja yenye VoLTE | Pana | Kwenye simu | Karibu siku nzima | Walio wengi |
| Simu ya mezani ya laini | Hutegemea mtandao wake | Kwa mkono | Saa kadhaa | Aliye mbali na mnara |
| Laptopu na simu janja | Pana, Bluetooth ikiwa nzuri | Kwenye kompyuta | Hadi betri ya laptopu iishe | Anayeandika sana |

Kuhusu akiba ya umeme: pawabenki ya mAh 10,000 haitoi mAh 10,000. Namba hiyo imepimwa kwa volti 3.7 za ndani. Ikipandishwa kufika volti 5 na kutoa kinachopotea kwa joto, unabakiwa na kama 6,000. Hiyo ni chaji moja ya simu ya mAh 5,000, na kidogo juu yake. Inatosha siku moja ya giza.

Hedfoni, mahali pa kutoa hela bila kusita

Kushikilia simu sikioni kwa saa nne kunachosha shingo, na mkono unaotakiwa kuandika unakuwa na kazi nyingine. Mnunuzi wa asali anauliza ndoo ya lita 20 ina kilo ngapi. Jibu ni kama kilo 28, na unapaswa kulitoa papo hapo huku unaandika anataka ndoo ngapi na zifike lini. Spika ya simu nayo si mbadala. Inabeba mwangwi wa chumba, na mteja anahisi kuna watu wengine wanasikiliza.

Hedfoni za waya zishinde kwanza. Hazina chaji ya kuisha, haziongezi ucheleweshaji wowote, na nzuri yenye mkono wa maiki unaofika mdomoni ina bei ndogo kuliko za Bluetooth zenye sauti sawa nayo. Ila kagua pini. Pini ya simu yenye maiki ina mistari mitatu myeusi. Yenye mistari miwili ni ya kusikilizia tu, utamsikia mteja naye hatakusikia. Zile za kompyuta zenye pini mbili, ya kijani na ya pinki, zinahitaji kiunganishi cha kuzigeuza kuwa pini moja ya mistari mitatu, na kiunganishi chenyewe ndicho hufa kwanza. Kuna tatizo lingine linalowachanganya hata mafundi: unachomeka hedfoni yenye mistari mitatu na sauti inasikika kwa mbali, kama mtu yuko ndani ya pipa, lakini ukibonyeza na kushikilia kitufe cha maiki inakuwa safi. Hapo hakuna kilichoharibika. Hedfoni hiyo imefungwa kwa mpangilio wa zamani ambao maiki na waya wa ardhi vimebadilishana nafasi. Irudishe dukani, usihangaike na fundi.

Simu isiyo na tundu la milimita 3.5 inaleta hedfoni za pini ya Type-C, na hizi ni za aina mbili: zenye kichakataji kidogo cha sauti ndani ya pini na zisizonacho. Zisizonacho hufanya kazi kwenye baadhi ya simu tu. Usinunue bila kuzichomeka kwenye simu yako mwenyewe na kupiga simu palepale.

Bluetooth ndiyo yenye maneno mengi madukani. Visikizi vidogo vinavyopiga muziki vizuri vinaweza kuwa vibovu kwenye simu, na sababu ni kwamba muziki na simu hupita njia mbili tofauti ndani ya Bluetooth. Ya muziki ni pana na ya upande mmoja. Ya simu ni finyu kwa kuwa inabeba sauti kwenda na kurudi, na kwenye vifaa vya zamani inarudi kwenye ufinyu uleule wa 2G. Ndiyo maana muziki unaosikiliza unapoingiliwa na simu, sauti inaporomoka ghafla. Halafu maiki ya kisikizi iko sikioni, mbali na mdomo, inachukua bodaboda inayopita kama inavyokuchukua wewe. Ukiona tangazo la kuondoa kelele, uliza ni kelele za upande gani. Nyingi huondoa kelele kwenye sikio lako; mteja anaendelea kulisikia soko lote. Kama lazima iwe Bluetooth, chukua ya sikio moja yenye mkono wa maiki, kama zinazotumiwa na madereva wa malori.

Maiki ikae pembeni ya kona ya mdomo, umbali wa vidole viwili. Ikikaa mbele ya mdomo, kila P na B inapuliza. Sponji yake ikipotea, weka nyingine.

Chumba kinashinda kifaa. Mvua ikipiga bati lisilo na dari hakuna hedfoni itakayokuokoa, na Tabora mvua ni za kuanzia Novemba hadi Aprili. Siku hizo tumia saa ya mvua kusafisha orodha na kuandika ujumbe, au tafuta chumba chenye dari. Ukuta mtupu wa saruji nao unarudisha mwangwi. Tundika khanga nzito au blanketi nyuma na mbele yako, utashangaa. Bati hilohilo linazuia mawimbi ya simu pia. Kupima, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya laini, utaona namba yenye alama ya kutoa. Kwa 4G, -95 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri. Ikipita -110 sauti itakatika. Tembea nayo chumbani kabla ya kuamua meza ikae wapi. Kama 4G ya hapo inakuja na kupotea, ichague 3G kwa mkono ubaki nayo: simu nyingi hukatika wakati zinahama kutoka aina moja ya mawimbi kwenda nyingine. Walio Kigoma ufukweni mwa ziwa au karibu na Manyovu wana la ziada, kwani simu inaweza kudandia mnara wa ng'ambo ya mpaka. Wachague mtandao wao kwa mkono na kuzima kupokea mtandao wa nje.

Laini na kifurushi

Mitandao unayochagua ni Vodacom, Airtel, Yas iliyokuwa Tigo hadi mwaka 2024, Halotel na TTCL. Wengi huuliza upi una bei nafuu. Kwa anayewapigia wasiomjua, la kuuliza kwanza ni dakika za mitandao yote.

Zamani mtu alisoma mwanzo wa namba akajua: 075 ni Vodacom, 078 ni Airtel, 065 ni Tigo, 062 ni Halotel, 073 ni TTCL. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao na kubaki na namba yake. Kwa hiyo mwenye 075 anaweza kuwa mtandao mwingine kabisa, na dakika zako za ndani ya mtandao hazitamfikia. Utakatwa salio la kawaida bila kujua kwa nini. Kifurushi kinachotangaza dakika 1,000 ambazo 900 kati yake ni za mtandao huohuo kinamfaa mwenye familia iliyo mtandao mmoja. Wewe unahesabu zile 100 tu.

Anza na hesabu yako, siyo na tangazo. Mfano: unapiga simu 60 kwa siku. Tuseme 25 zinapokelewa. Kati yake 15 zinaisha ndani ya dakika moja na 10 zinafika dakika nne. Hizo ni dakika 55. Ongeza dakika 20 za kuwarudia wa jana, jumla 75. Kwa siku sita ni 450. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni 1,950. Sasa chukua bei ya kila kifurushi, igawe kwa dakika za mitandao yote utakazozitumia kabla hakijaisha muda. Kifurushi cha mwezi chenye dakika 3,000 kinaonekana rahisi kwa dakika moja, lakini ukitumia 1,950 ule urahisi umeupoteza. Mwezi wa kwanza, wakati hujui mwendo wako, nunua vya wiki. Cha siku kimoja kimoja ni cha dharura. Angalia kama kinahesabu saa 24 au kinakatwa saa sita usiku, maana ukijiunga saa tisa alasiri tofauti ni kubwa. Dakika za usiku zifute kichwani, hakuna mteja wa kumpigia saa saba usiku.

Kifurushi kikiisha katikati ya mazungumzo, mambo mawili yanaweza kutokea. Kama una salio, unaendelea kwa bei ya kawaida, ambayo ni kali. Kama huna, simu inakatika wakati mteja anataja idadi. Acha salio la kutosha dakika tano hivi, lisizidi, na ukague dakika zilizobaki kila baada ya simu 20.

Laini ya kazi iwe imesajiliwa kwa jina lako kwa alama ya kidole, siyo ya kaka wala ya rafiki aliyehamia Nzega. Sababu ni ya kibiashara kabisa. Watanzania wamechoshwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na mteja mwerevu akishaongea na wewe anaingia kwenye menyu ya kutuma pesa, anaweka namba yako, anasoma jina linalotokea, kisha anaghairi. Ulijitambulisha kama Rehema, jina likija la Jumanne, umekwisha. Bonyeza *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na ambayo huitambui ikafutwe.

Laini ya pili iwe ya mtandao tofauti, kwa siku ambayo mnara wa kwanza umelala, na ndiyo ubaki nayo kwa familia. Usibadilishe namba ya kazi kwa kufuata ofa. Mteja wa Machi anakutafuta Agosti, na namba aliyoandika kwenye ukuta wa stoo ndiyo anayopiga. Ukitaka kuhama mtandao, hama na namba yako. Pia usifiche namba kwa #31#. Simu isiyo na namba haipokelewi, na ikipokelewa umeanza na shaka.

Kwenye simu zenye Truecaller, programu inayoonyesha jina la anayepiga, namba yako inaweza kutokea na rangi nyekundu ikiwa watu wengi wameiripoti. Ripoti hizo huja kwa kumpigia mtu mmoja mara tano kwa siku na kwa kukata baada ya milio miwili. Milio miwili ni kubipu, na unayembipu hujui anakupigia kwa gharama yake na hasira yake. Acha iite mpaka ikatike yenyewe. Isiyopokelewa haikatwi pesa.

Kupiga kwa intaneti

WhatsApp ni nzuri kwa mteja anayekufahamu tayari. Kwa asiyekufahamu ni dhaifu: tangu 2023 mtu anaweza kunyamazisha simu zote za namba asizonazo, na simu yako haitamlilia kabisa. Tumia laini kwa simu ya kwanza, WhatsApp kwa kutuma picha na bei baada ya yeye kukubali.

Huduma za namba za intaneti zinazouzwa kutoka nje zinavutia kwa bei iliyoandikwa kwa dola. Kiasi cha data si tatizo. Kwa mfumo wa sauti usiobanwa ni kama MB 1.3 kwa dakika kwa pande zote mbili, kwa ule uliobanwa ni kama nusu MB, hivyo dakika 75 hazifiki MB 100. Tatizo la kwanza ni namba itakayoonekana. Mwenyekiti wa chama cha msingi Kaliua akiona namba inayoanza na +44 anajua ni tapeli. La pili ni ucheleweshaji. Mwongozo wa kimataifa unataka sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikipita kwenye mtambo ulioko Ulaya na kurudi Tabora, unakaribia au unavuka hapo, na mnaanza kuingiliana maneno. Kipimo chake ni hiki: hesabuni kwa kupokezana, wewe moja, yeye mbili, mpaka ishirini. Mkigongana, huduma hiyo haifai kuuzia. Vile visanduku vya laini nyingi vinavyogeuza simu za intaneti kuwa za ndani usiviguse. Kuviendesha bila leseni ya TCRA ni kosa, na watu wamefikishwa mahakamani kwa hilo.

Programu za kupiga zenyewe

Zile zinazopiga namba nyingi kwa pamoja na kukupa aliyepokea zilitengenezwa kwa vyumba vyenye wapigaji wengi. Ukiwa peke yako, namba tatu zikipokelewa kwa mpigo unaongea na mmoja na wawili wanasikia ukimya. Marekani kero hiyo ilikua mpaka kanuni ikawekwa: simu iliyopokelewa ikikosa mtu wa kuongea ndani ya sekunde mbili inahesabiwa kuwa imetelekezwa, na zilizotelekezwa zisizidi asilimia 3. Mtu mmoja hawezi kuitimiza kwa mtambo wa namna hiyo.

Kinachokufaa ni orodha iliyo safi. Andika kwenye jedwali, ihifadhi kama CSV (faili la maandishi ambalo safu zimetenganishwa kwa koma), iingize kwenye anwani za Google, simu itazipata zote. Kosa la kawaida ni Excel kula sifuri ya mwanzo: 0754 inabaki 754 kwa sababu imeichukulia kuwa hesabu. Badili safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuandika, au andika zote kwa +255 na tarakimu tisa. Ongeza safu ya matokeo yenye maneno machache yasiyobadilika: hakupokea, anataka bei, arudiwe tarehe fulani, asipigiwe tena.

Hiyo ya mwisho ina sheria nyuma yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 nayo inataka ridhaa kwa matangazo ya kutumiwa, na mtumaji ajitambulishe na atoe njia ya kukataa. Kwa hiyo muombe ruhusa ukiwa kwenye simu ndipo umtumie ujumbe. Ukitaka kurekodi, mwambie. Programu nyingi za kurekodi zilizokuwa kwenye Android zimefungiwa, hasa baada ya Google kuzikaza Mei 2022. Zinazobaki ni zilizo ndani ya programu ya simu yenyewe, na ya Google hutangaza kwa sauti kuwa inarekodi, jambo linalomshtua mteja usipomwandaa. Kalamu na daftari vinakidhi kwa simu ya kwanza.

Kabla hujalipia chochote kati ya hivi, chomeka laini yako na hedfoni unazozitaka, simama dukani palepale kwenye kelele, na uwapigie watu wawili wa mitandao tofauti, mmoja akiwa na kitochi. Wasomee bei tano na majina matatu ya mitaa, nao wayarudie. Wakikosea zaidi ya moja, rudisha hedfoni na ujaribu nyingine.